Tovuti Yenye Ngazi

Mtu aliyepiga simu asubuhi ile alitaka viatu vya mpira vya timu nzima, vyenye soli nyekundu.

"Hatutengenezi viatu vya mpira, kaka," Mama Vipimo alimwambia.

"Mbona nimeviona kwenye tovuti yenu?"

"Ile ni picha tu."

"Picha ya viatu vya nani sasa?"

Hata yeye hakujua vile viatu ni vya nani. Aliomba radhi, akakata simu, akailaza kifudifudi juu ya kaunta kama mtu anayemlaza mtoto asiyetaka kulala. Ilikuwa bado mapema na tayari mabega yalikuwa yamemshuka.

Karakana yao ilitengeneza viatu vya watu ambao maduka ya viatu hayakuwa yamewafikiria. Mwenye mguu mmoja mfupi. Aliyeugua polio utotoni. Mwenye kisukari, ambaye kidonda kidogo cha kidoleni kinaweza kumgharimu mguu mzima. Fundi, mumewe, aliirithi kazi kwa baba yake, na alikuwa hodari wa kuibembeleza ngozi mpaka ikakubali umbo lolote. Yeye mkewe ndiye aliyepima. Alipiga magoti mbele ya kila mteja, akauzungushia kalamu unyayo juu ya karatasi, akapitisha futi ya kitambaa kwenye kifundo, akabonyeza polepole akiuliza, "Hapa je? Na hapa?" Ndipo wateja wakamwita Mama Vipimo, na jina likamganda. Miaka ilivyokwenda, magoti yake mwenyewe yalianza kumjibu: hapa, na hapa pia.

Zaidi ya kupima, alipokea simu, aliagiza ngozi na gundi, alifagia, na jioni alirudi nyumbani kumwogesha mama mkwe, ambaye mikono yake ilikuwa imekufa ganzi. Fundi hakuwa mvivu hata kidogo. Tatizo lake ni kwamba akishika kiatu alisahau kwamba dunia ina vitu vingine.

Tovuti waliletewa na shemeji yake Mama Vipimo.

Huyo alikuwa mdogo wake Fundi, kitinda mimba, na nyumbani walimwita Profesa tangu utotoni kwa tabia yake ya kujibu swali kabla halijaisha. Alifanya kazi ya kompyuta kwenye kampuni moja mpaka kampuni ikafunga milango, akarudi nyumbani na sanduku la nguo na kiti chake cha ofisini, kile chenye magurudumu. Alikaa chumba cha uani. Aliamka saa aliyotaka, akala alichokikuta, akatuma maombi ya kazi ambayo hayakuwa yakijibiwa. Siku zilipozidi kuwa nyingi, mama mkwe alimwita Fundi akamwambia, "Mpe mwenzio kitu cha kushika. Mtu akikaa bure huanza kujitafuna mwenyewe."

Fundi hakuwa mtu wa matangazo. Baba yake aliishi kwa neno moja, kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kweli wateja walikuwa wakija bila kuitwa. Lakini alimwangalia mdogo wake anavyokonda, akasema, "Basi tutengenezee tovuti."

Profesa aliishika ile kazi kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani. Akaanza kunyoa ndevu tena. Mlangoni kwake ukawa unasikia vidole vinakimbia, na akija mezani kula alikuwa na habari: leo nimeingiza hiki, kesho naweka kile. Kila mtu alitoa la kwake. Dada yao mkubwa alitaka rangi ya zambarau. Fundi aliomba kitu kimoja tu, historia ya marehemu baba. Mama Vipimo hakuulizwa, na siku zile alishukuru kutoulizwa, maana mtu akikuuliza jambo atakupa na kazi yake.

Siku ya kuizindua walikusanyika sebuleni, Jumapili mchana, kompyuta katikati ya meza. Profesa alibofya. Muziki wa kinanda ukaanza wenyewe. Wakatokea watu warefu, wenye meno meupe, wanakimbia kwenye mchanga na viatu vyeupe. Juu yao yakapita maneno makubwa: *Tunakuletea suluhisho bunifu za mwendo wako.* Kisha ikafuata historia. Marehemu baba alizaliwa wapi, alifunzwa na nani, alianzaje na sindano moja. Halafu picha yake amekaa mbele ya jengo la zamani, aproni kifuani, anacheka.

Mama mkwe alilia. Aliomba irudishwe, akamtazama mumewe kwenye kioo cha kompyuta, akalia tena. Sasa nani angefungua mdomo kukosoa kitu kilichomliza mama?

Mama Vipimo hata hivyo alijaribu kuifungua kwenye simu yake, kwa kuwa wateja wao wengi walikuwa na simu tu. Akasubiri. Akamimina chai, akagawa vikombe, akarudi, bado kiduara kilikuwa kinazunguka. Ilipofunguka, maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi.

"Shemeji, namba ya simu iko wapi?"

"Chini kabisa, kulia. Unateremka tu."

Akateremka. Akawapita wakimbiaji, akampita baba mkwe utotoni, ujanani na uzeeni. Namba ilikuwepo kweli, imeandikwa ndani ya picha ya machweo, rangi ya chungwa juu ya chungwa. Ukiigusa haipigi popote.

"Na mahali tulipo?"

"Si kuna picha ya jengo na anwani yake?"

"Lile jengo tulishahama, shemeji."

"Najua. Lakini karakana mpya haina sura. Ukuta na mlango wa bati, utaweka picha ya nini pale? Lile lina historia. Nitaongeza maelezo baadaye."

Alitaka kusema neno moja zaidi. Fundi akamtupia jicho, jicho la kumwomba, mkewe akameza neno pamoja na chai.

Kwenye jengo la zamani walikuwa ghorofa ya tatu. Kwa miaka mingi walishuhudia watu wenye magongo wakizipanda zile ngazi, wakipumzika kila ngazi zinapokata kona, wakifika juu wamelowa jasho. Fundi na mkewe walihama kwa sababu hiyo tu. Walitafuta mpaka wakapata chumba cha chini, nyuma ya kituo cha mafuta, mlango upo sawa na barabara, hata kiti cha magurudumu kinaingia. Hakikuwa na sura, ni kweli. Lakini hakikuwa na ngazi.

Na baadaye ya Profesa haikufika.

Miezi ikaenda. Mwanzoni simu ziliongezeka na nyumbani wakafurahi. Mama Vipimo, aliyezipokea, hakuona cha kufurahia. Mmoja anataka viatu vya harusi, mwingine vya kukimbilia. Mwingine anauliza kama bado wapo, maana ameteremka mpaka kidole kimechoka na hajaona siku za kazi. Mama mmoja alisema aliifungua wodini, pembeni ya mgonjwa, kinanda kikalia kwa nguvu mpaka nesi akaja kumfokea. Wote aliwaomba radhi. Ilifika mahali akawa anaanza kwa "samahani" kabla hajasema "karibu".

Wateja wa kweli, wale wa miguu, walipungua. Hakuelewa kwa nini mpaka alipokutana na nesi wa kliniki ya kisukari. Huyo kwa miaka alikuwa akiwaelekeza wagonjwa kwa mdomo wake mwenyewe: shuka kituo cha mafuta, zunguka nyuma, mlango wa bluu.

"Siku hizi sijisumbui," nesi alisema kwa wema wote. "Nawaambia waingie kwenye tovuti yenu. Mmejitahidi, inapendeza."

Mama Vipimo alirudi karakana akamweleza mumewe. Fundi alikuwa anakwangua kisigino cha mbao, vumbi limejaa nyusi. Aliendelea kukwangua muda mrefu.

"Acha kwanza," alisema hatimaye.

"Niache nini? Watu wanapotea."

"Ile tovuti ndiyo kitu pekee anachoamkia asubuhi. Kila anapoomba kazi anaituma hiyohiyo, awaonyeshe anachoweza. Nikimwambia ni mbaya, nitakuwa nimemwambia nini?"

"Hukumwambia hata anwani?"

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Mkewe naye hakusukuma. Kuna uchovu unaomfanya mtu akubali jambo asilolikubali, ili tu asilizungumze, na Mama Vipimo alikuwa amefikia huo.

Kisha siku moja, kabla ya saa sita mchana, mwanamke aliyevaa sare ya benki aliingia karakana na kusimama katikati ya chumba bila kusalimia. Alitazama mlango wa bati, akaitazama sakafu.

"Kumbe mpo hapa," alisema. "Hapa chini."

"Tupo hapa. Karibu, dada."

"Jana baba yangu amepanda mpaka ghorofa ya tatu kuwatafuta. Ana kisukari, miguu haina hisia, mimi nilikuwa kazini na yeye hakutaka kunisubiri. Amefika juu kakuta watu wanashona mapazia. Hawawajui. Wakati wa kushuka kaanguka."

Sauti yake haikupanda. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kupiga kelele zote usiku uliopita, na sasa hakuwa amebakiwa nazo.

"Ameumia?" Mama Vipimo aliuliza.

"Mkono umevunjika. Wanasema angeweza kuvunjika nyonga. Wanasema ana bahati." Alishika kaunta. "Mimi sikuja kugombana. Nimekuja kwa sababu bado anahitaji viatu, na nesi wa kliniki, aliyenielekeza hapa, anasema hakuna wengine wanaovijua. Yupo kwenye gari."

Fundi alikuwa amesimama na kiatu mkononi. Mama Vipimo alichukua karatasi, kalamu na futi, akatoka nje.

Mzee alikuwa amekaa kiti cha mbele, mkono umefungwa plasta na kuning'inizwa shingoni, uso umevimba upande mmoja. Kabla hajastaafu alikuwa mpima ardhi. Mama Vipimo alimwamkia, akaanza kuomba radhi huku machozi yakimtoka.

"Usilie, mwanangu," mzee alisema. "Maisha yangu yote nimepima ardhi. Jana ardhi ikaamua kunipima mimi."

Binti yake aligeuza uso. Mama Vipimo alipiga magoti pale kando ya barabara, kwenye kokoto, akamvua mzee soksi. Mguu ulikuwa baridi. Kwenye kidole gumba, upande wa chini, palikuwa na wekundu ambao mzee mwenyewe hakuwa na habari nao, kwa sababu haukumuuma.

"Hiki kiatu chako cha sasa kinakubana hapa, baba."

"Sisikii kitu."

"Ndiyo ubaya wake. Usikivae tena. Na leo hiihii kidole kikaonwe."

Aliuzungushia kalamu ule unyayo. Alipima kifundo, akapima tena, kwa kuwa mara ya kwanza macho yalikuwa yameingia ukungu. Alipoinuka ilibidi ashike mlango wa gari.

Jioni ile Fundi alisema, "Nitaongea naye." Ijumaa akasema hivyohivyo. Jumapili, baada ya chakula cha mchana, mama mkwe amelala na Fundi ameenda kufukuzana na muuza ngozi, Mama Vipimo alivuka ua akagonga chumba cha Profesa.

Chumba kilikuwa safi kuliko alivyotegemea. Kitanda kimetandikwa. Profesa alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, akazunguka kumtazama.

"Shemeji. Karibu. Kuna nini?"

Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaweka simu ya karakana mapajani. Akamweleza yote: mzee, ngazi, mapazia, mkono. Alieleza kwa sauti ya chini, bila kupamba, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kupamba.

Profesa alisogeza kiti nyuma kidogo. Kisha akasema, "Pole yake. Lakini ile ngazi siyo mimi niliyeijenga."

"Anwani je?"

"Nilisema nitabadilisha."

"Ulisema."

"Shemeji, hamjui kazi iliyoingia mle. Hamjui kabisa. Mlitaka kila kitu. Historia, rangi, sijui nini. Mimi nimeweka. Hakuna hata mmoja aliyesema neno, mlipiga makofi mkaondoka. Mama akalia. Nikajua angalau kitu kimoja nimekipatia." Alizungusha kiti nusu, akarudi. "Unajua nimeituma kwa watu wangapi? Ndiyo kazi yangu pekee niliyonayo ya kuonyesha. Kule ofisini kila nilichotengeneza kimebaki kwao. Nikiivua ile, nabaki na nini?"

Alikuwa anasema kweli, na Mama Vipimo alilijua hilo. Alitaka kumjibu kwamba hakuna aliyetaka avue chochote. Kwamba angeweza kuwa na maonyesho yake mahali pengine, na mteja akapata mlango. Jibu lilikuwepo, lilikuwa limekaa vizuri kichwani. Lakini chumba kilikuwa na hewa nzuri, godoro lilikuwa laini, na Profesa alikuwa ameanza kueleza jinsi zile picha zilivyoteleza moja baada ya nyingine, jambo gumu ambalo wengi huliharibu, na sauti yake ikawa inakuja kutoka mbali, na mbali zaidi.

Profesa alipomaliza kueleza alisubiri jibu. Hakuna. Akamtazama vizuri. Shemeji yake alikuwa amelala ameketi, kidevu kifuani, mikono imefunguka pembeni ya simu, viganja vyeusi kwa wino wa kupimia. Alikuwa hajawahi kumwona amelala. Alipokumbuka, akaona hajawahi kumwona hata amekaa, ila wakati wa kula, na hata hapo alikuwa mtu wa kuinuka.

Simu ikalia. Profesa aliinyakua haraka isimwamshe, akatoka nayo uani.

"Nyie ndio wa suluhisho bunifu?" sauti ya mwanamume iliuliza.

"Ndio sisi."

"Sasa mnatengeneza nini? Nimesoma yote. Nimejua baba yenu alivyofunzwa kazi, Mungu amrehemu. Lakini mnatengeneza nini?"

Profesa alimweleza. Mtu yule akasema mwanawe amezaliwa na mguu uliopinda, akauliza wapo wapi. Profesa akafungua mdomo kumwelekeza na kugundua kwamba hakujua jina la barabara. Alijua kituo cha mafuta. Alijua kuzunguka nyuma. Akamwelekeza hivyo, kwa kubabaika, na yule mtu akasema, "Sasa si mngeandika hayo?"

Simu ililia tena mchana ule, mara nyingi kwa siku ya Jumapili. Mwingine alikuwa amesimama saa hiyohiyo mbele ya jengo la zamani, anapiga kelele juu ya magari, anauliza ni mlango upi. "Usipande," Profesa alimwambia. Alijisikia mwenyewe akisema kwa nguvu. "Tafadhali, usipande. Hatupo huko." Na mwingine alikuwa bibi wa sauti nyembamba, aliyetaka tu kujua kama Jumatatu watakuwa wazi. Aliposikia ndiyo, alishukuru sana, akashukuru tena, kama mtu aliyepewa kitu kikubwa.

Baada ya huyo Profesa alikaa kwenye kizingiti, simu mkononi, mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia miguuni.

Mama Vipimo alizinduka akajikuta amelala ubavu, ana shuka. Aliruka akidhani mama mkwe hajaogeshwa. Uani alimkuta mama mkwe amekaa kwenye mkeka, ameoga, nguo imevaliwa nyuma mbele.

"Leo nimeogeshwa na Profesa," mama mkwe alisema. "Maji yalikuwa ya moto kama anachuna kuku. Lakini nimeoga."

Profesa alimrudishia simu. "Kuna mtu wa mtoto, atakuja kesho," alisema. "Na ile barabara ya karakana inaitwaje?"

Siku iliyofuata alikuja karakana na kiti chake cha magurudumu, akakaa pembeni ya kaunta. Aliwatazama watu wakiingia. Aliwauliza maswali, mwanzoni vibaya, kama afisa wa sensa, baadaye vizuri. Ulitufahamu vipi? Ulipofungua, ulitafuta nini kwanza? Wengi walisema jambo lilelile kwa maneno tofauti: kama mguu kama wangu mnauweza, na nikija nitafikaje. Hakuna aliyetaja kinanda. Mmoja alitaja rangi ya zambarau, na alichosema, Profesa hakumfikishia dada yake.

Kuibomoa kulimuuma, na hakulificha hilo. Ile ya kwanza hakuifuta. Aliihamishia kwenye jina lake mwenyewe, akaondoa namba na anwani, ikabaki kuwa kazi yake ya kuonyesha. Ya karakana akaijenga upya, nyepesi, ya kufunguka hata kwenye simu iliyochoka. Juu kabisa aliweka picha ya mlango wa bluu wa bati, ule usio na sura, na chini yake maneno aliyoyatoa kwenye mdomo wa nesi: shuka kituo cha mafuta, zunguka nyuma, hakuna ngazi. Namba ukiigusa inapiga. Picha zilikuwa za viatu vyao wenyewe, na miguu ya wateja waliokubali. Wakimbiaji wa mchangani waliondoka na meno yao.

Fundi aliiangalia akauliza kwa sauti ndogo, "Na marehemu baba?"

"Yupo, kaka. Ana ukurasa wake. Anayemtaka atamkuta."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kiatu. Baadaye mkewe alimwona anajifuta macho kwa kiwiko cha mkono, akasingizia gundi.

Mpima ardhi alikuja kujaribu viatu vyake, plasta bado ipo mkononi. Profesa ndiye aliyemfungulia mlango wa gari. Alikuwa amejiandaa kuomba radhi, na alipoanza mzee akamwekea simu mkononi.

"Kwanza nionyeshe hiyo mpya. Binti yangu anasema mmebadilisha."

Profesa aliifungua, akamrudishia simu. Mzee aliishika mbali na uso, mkono umenyooka, akafinya macho. Akaona mlango. Akaona njia. Akatafuta siku za kazi, akatafuta, akashindwa.

"Zipo hapo chini, baba," Profesa alisema.

"Chini wapi?"

Profesa alipumua kwa nguvu, akaichukua simu. "Nitazipandisha juu," alisema, na jioni ileile akazipandisha. Kisha akaomba radhi yake, kwa kifupi, na mzee akaipokea kwa kifupi.

Viatu vilikuwa vyeusi, vipana mbele, ndani vimewekwa ngozi laini isiyo na mshono. Mzee alitembea kutoka kaunta mpaka mlangoni, akarudi. Mama Vipimo hakumtazama usoni, alitazama nyayo. Alimwomba akae, akakivua cha kushoto, akaingiza mkono ndani, akakuta mahali padogo pa kurekebisha, akampa Fundi. Kidole gumba kilikuwa kimepona.

Mambo hayakugeuka asali. Wapo wateja waliopotea wasirudi, na haijulikani walikwenda wapi na miguu yao. Nesi alichukua muda kuamini tena. Barua za kazi za Profesa ziliendelea kukosa majibu, ila daktari wa meno aliyemleta mama yake kupimwa aliipenda ile tovuti nyepesi, akamwomba amtengenezee ya kwake. Profesa alirudi nyumbani akisema amemuuliza daktari maswali mengi mpaka amekasirika.

Na simu zilizidi, safari hii za watu wenyewe. Magoti ya Mama Vipimo yalipiga sakafu asubuhi hadi jioni, na kila aliyempima alikuwa mtu aliyefika pale alipotakiwa kufika, lakini goti halijui tofauti hiyo.

Alhamisi moja, wakati wa kufunga, alikaa juu ya kiti cha wateja, akavua ndala zake, akamwangalia mumewe anazungusha mfuniko wa kopo la gundi.

"Kesho siji," alisema.

Fundi aliinua kichwa. "Unaumwa?"

"Hapana. Nimechoka."

Fundi alitazama kaunta, simu, rundo la karatasi zenye nyayo za watu. Ilionekana anataka kuuliza nani atapima, nani atapokea, nani ataagiza. Hakuuliza.

"Na keshokutwa?" alisema.

"Keshokutwa nitaona."

"Basi usije," Fundi alisema, akavuta kiti kingine, akakaa karibu naye. Walikaa hivyo kwa muda, mlango wazi, wakisikia magari yakijaza mafuta upande wa pili wa ukuta.